Nani Ataonja Kwanza

Gitega, 7 Februari 1999

Kwako Mama mkwe, Bi Salama, Muyinga.

Asalaam aleikum. Shikamoo, Mama. Mi hapa ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, na natumaini wewe, Nadia na Fatouma wangu mdogo mko wazima pia. Kikohozi cha mtoto kimetulia? Baridi ya huko naijua.

Barua hii inakuja na Amissi, yule dereva wa kamio, lile lori la chumvi, maana posta hapa inafungua siku inayojisikia. Mbili za kwanza nilimwandikia mke wangu Nadia. Zikarudi bila kufunguliwa, Amissi akanirudishia akiangalia pembeni. Sasa nakuandikia wewe. Najua si adabu mkwe kumsumbua mama mkwe na mambo ya nyumbani kwake, lakini sina mlango mwingine wa kugonga.

Ile siku ya Idi sitaitafutia maneno. Nilikunywa, zikanikuta zile saa ambazo askari hawataki mtu njiani, wakaniokota, wakanileta mpaka nyumbani. Nadia akafungulia mlango watu wenye bunduki, mtoto iko mgongoni. Hawakufanya kitu. Lakini wangefanya, mi ndiye ningekuwa nimewaleta. Hilo nalijua, na kadiri nalijua ndivyo nakunywa, hapo ndipo ubovu wote ulipo.

Naomba unifikishie maneno. Mwambie Nadia niko nashona kama kawaida kwenye baraza ya duka la Taki, na nyumba iko vile alivyoiacha. Mwambie nataka kuacha pombe. Nimeacha mara nyingi, anajua mwenyewe, kwa hiyo usimwambie nimeacha. Mwambie nataka.

Msalimie Fatouma. Baba iko anamshonea gauni ya maua.

Mkweo,
Shafii


Muyinga, 21 Februari 1999

Mkwe Shafii,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi hatujambo. Kikohozi cha mtoto kimekwisha, kimehamia kwangu. Biashara ya vitenge inatambaa. Wanasema vikwazo vya biashara vimeondolewa na malori yamejaa tena pale Kobero mpakani, lakini bei bado hazijasikia habari hiyo.

Maneno yako nimemfikishia Nadia vilevile ulivyoyapanga. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Usiniulize alisema nini.

Mimi nitasema, maana nimelelewa Kigoma na kwetu hatumung'unyi maneno. Sikukupa binti yangu kwa sababu ya mali, hukuwa nayo. Nilikupa kwa sababu ulikuwa na mkono mzuri na mdomo mpole. Sasa nasikia mkono unatetemeka, mishono inakwenda upande, na Taki anakuvumilia kwa ajili ya marehemu baba yako tu. Mimi sitaki mtu wa kuvumiliwa. Nataka mtu apone.

Nenda kwa imamu wenu akusomee. Usione haya, haya zilikwisha siku ya Idi. Halafu kuna jambo jingine. Nimemuuliza nesi mmoja wa hapa, nikajifanya ninaulizia jirani. Ameniambia huko Gitega kuna watu walioacha pombe, wanakutana, wanakaa pamoja na kuzungumza, na hayo mazungumzo ndiyo dawa yenyewe. Sikuelewa dawa gani hiyo ya mdomo, lakini ameapa kwamba shemeji yake amepona huko. Wanapokutana hapajui. Gitega si kubwa kiasi hicho. Watafute.

La mwisho ni la Mzee Barutwanayo. Wewe unajua marehemu mume wangu Waziri alisilimu alipohamia mjini, lakini kaka yake huyu alibaki mlimani Gasorwe na desturi zao, na ndiye anayeshika neno la mwisho juu ya Nadia. Habari imemfikia. Amesema binti akirudi kwao haondoki mpaka yeye aseme. Kwa hiyo usikanyage mlango wangu kabla hajasema. Na ujue kwamba yuko mbadilisha fedha wa Kobero ameanza kuulizia kama Nadia amepewa talaka.

Mama yake Nadia,
Salama


Gitega, 9 Mei 1999

Mama mkwe, asalaam aleikum. Shikamoo.

Natumaini kikohozi kimekuacha. Huku tunaendelea, mvua ni nyingi na risasi zimepungua kidogo upande wetu. Unisamehe kwa kunyamaza. Makamio yalikwama hapa muda mrefu, njia ya Karuzi ilikuwa mbaya. Lakini nisiisingizie njia. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na kitu kizuri cha kuandika.

Imamu alinisomea. Alinisomea vizuri, kwa upole, nikanywa maji ya dua, nikajisikia mwepesi kabisa. Nikakaa hivyo mpaka tukazika mzee mmoja wa kwartie yetu, wa mtaa huu huu. Kutoka makaburini nikapitia mahali. Imamu hana kosa.

Basi nikaanza kuwatafuta watu wako. Hospitali mganga alinitazama, akasema hapa tunatoa risasi, ya pombe yatangoja amani. Nikaenda parokiani, maana niliambiwa mambo ya namna hiyo hupatikana kwa mapadri. Bwana mmoja wa pale alipoona kofia yangu akafurahi sana, akaniletea kitabu cha ubatizo. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika: Shafii anabatizwa. Imamu akatuma mtu kuuliza. Taki naye akaniuliza kama nitabadilisha jina kwenye kibao cha cherehani. Mama, nikachoka, nikasema liwalo na liwe, nikaenda kunywa.

Sasa sikia, na usicheke kabla sijamaliza. Nilikwenda kwa Domitila, nyuma ya tanuru za matofali. Huyo mama anajulikana Gitega nzima kwa pombe ya ndizi, na mi nilikuwa mteja wake kabla sijamwoa Nadia. Nilikuwa sijafika siku nyingi. Nakuta benchi ni zile zile, watu wamekaa duara kama zamani. Nikasalimu, nikakaa, nikangoja kuletewa. Bwana mmoja akawa anaeleza vile alivyoezua mabati ya nyumba yake akayauza, mvua ikamnyeshea mke na watoto. Nikasema moyoni, huyu ameshalewa. Akamaliza, akaanza mama mwingine, analia. Mi bado nangoja. Nikamkonyeza Domitila, nikamwinulia kidole kimoja, kwa maana ya chupa moja. Naye akaniinulia kidole chake: wewe ndiye unayefuata, baada ya huyu.

Zamu ikanifikia, watu wote wananitazama. Nikasema ukweli, mi nimekuja kunywa. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Domitila akasema, "Sisi wote tulikuja kunywa, Shafii. Kaa."

Ndio hao, Mama. Nimezunguka Gitega nzima nikiwatafuta, na walikuwa kwa mpika pombe. Domitila aliacha baada ya mjukuu wake kuungua mguu kwenye moto, naye bibi amelala kando ya mtungi. Mtoto anatembea, lakini anachechemea, na bibi anamwona kila asubuhi. Wateja wake walipokuja, hakuwafukuza. Akawaambia hapa sasa kuna chai, anayetaka akae. Wengi waliondoka. Waliobaki ndio kundi. Wamo watu wa kila namna, hata wa zile namna ambazo siku hizi hazikai benchi moja. Hakuna anayemuuliza mwenziwe.

Tunakutana Jumamosi. Hakuna dawa yoyote wanayotoa. Unasema ulivyo, wengine wanasikiliza, basi. Sijui kwa nini inasaidia. Mi tangu siku ile sijaonja.

Mkweo,
Shafii


Muyinga, 2 Juni 1999

Shafii,

Salamu nakupa kwa sababu dini imeniamuru. Sisi wazima.

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea Nadia. Nilipofika pale pa kidole, akaweka ungo chini akacheka. Alicheka, Shafii. Nilikuwa sijamsikia tangu Idi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Mtoto naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

Halafu akaja Saidi, binamu yangu yule muuza dagaa. Alikuwa Gitega. Amekuona kwa macho yake ukiingia kwa huyo Domitila Jumamosi, na mlangoni pana makasha ya chupa za bia yamepangwa kama depo. Akakuona jioni unatoka na wenzako, mnacheka, mmeshikana mikono. Akaulizia pale jirani, akaambiwa pale ni kwa pombe, tangu zamani.

Umetunga hadithi ukaituma huku, na mimi mtu mzima nikaisoma kwa sauti mbele ya mwanangu. Kama una kipaji cha kutunga, kakitumie kwingine. Nadia ameurudia ungo wake. Mimi nimeona uchungu ambao siwezi kukuandikia, na nimeona haya kwamba nilikuamini.

Usiandike tena kama huna jipya.

Salama


Gitega, 11 Juni 1999

Mama, asalaam aleikum, na shikamoo hata kama hutaitikia.

Nawaombea afya nyote. Saidi hakusema uongo. Makasha yapo, na sisi ndio tuliyaweka. Nipe nafasi nieleze.

Mwezi uliopita doria ya askari ilipita kwa Domitila, wakachungulia. Mama, mtu anayekunywa, akaimba, akaanguka, huyo anajulikana, hana hatari. Lakini watu wazima, waume kwa wake, wamekaa duara, macho makavu, wanaongea pole pole, na hakuna hata chupa moja? Huo ni mkutano wa siasa. Walituweka ukutani. Wakamuuliza Bahati, fundi baiskeli, wanakunywa nini hapa. Akajibu chai. Hilo jibu lilikaribia kumpeleka korokoroni. Shefu wa zoni, mkubwa wa serikali wa hapa, akaitwa, akasema yeye hajawahi kusikia watu wa Gitega wakikutana Jumamosi kwa ajili ya chai, na kama tunataka permisiyo ya kukutana tuandike tunapanga nini.

Tukipeleka karatasi ya kusema sisi ni walevi tulioacha, nani ataamini? Ndipo Domitila akatoa makasha yake ya zamani akayapanga mlangoni. Toka siku ile doria inapita, inatuambia tu kunyweni taratibu, wazee. Tunajibu ndiyo, afande.

Haikuwa dawa ya bure. Zile chupa zinanuka. Mmoja wetu alikutwa amekaa nazo pale mlangoni, hafanyi kitu, ananusa tu, tukamrudisha ndani. Na mi nimezinusa, nisikufiche. Nikaja nikasema mbele ya wote kwamba nimezinusa, na kusema huko kulinisaidia.

Siombi uniamini. Tuma mtu. Usimtume Saidi, yeye huishia mlangoni. Mtume Amissi, ambaye anapenda bia kuliko anavyompenda mke wake. Akae ndani mpaka mwisho. Halafu umuulize yeye.

Mkweo,
Shafii


Muyinga, 19 Julai 1999

Mkwe wangu Shafii,

Waaleikum salaam, marahaba, ile ya nyuma na hii. Tu wazima. Fatouma ameota jino la nyuma na nyumba nzima imejua.

Amissi amerudi na hasira. Anasema alikwenda na kiu ya safari, akaona makasha, akafurahi, akaingia, akapewa chai ya tangawizi na karanga. Akasikiliza watu wakieleza madhambi yao mpaka jua likashuka, na hakuna aliyemwonjesha hata tone. Ameapa hatarudi. Akasema pia alikuona barazani kwa Taki ukitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kuulamba. Nadia alikuwa nyuma ya pazia. Alidhani simwoni.

Nilikuhukumu kwa chupa tupu. Nimekosea. Tuishie hapo, maana mimi na kuomba radhi hatujazoeana.

Sasa kuna zito. Nilipanda Gasorwe kuzungumza na Mzee Barutwanayo. Anasema mkwe aliyekosa huja kwa wazee na dumu la pombe ya ndizi, akakaa chini, akasema kosa lake, wakanywa, ndipo akajibiwa. Nikamwambia, Shemeji, kosa lenyewe la huyu mtu ni pombe. Akanijibu kosa ni lake, desturi ni ya wote. Nikamtajia mchele, akakataa. Nikamtajia mbuzi, akasema mbuzi ni wa harusi. Nikamtajia sukari, akasema sukari hupelekewa wagonjwa.

Usimwone mtu mbaya. Vurugu za mwaka wa tisini na tatu alitufungia ghalani mwake, mimi na Nadia, akalala mlangoni na panga mpaka zikapita. Neno lake siwezi kuliruka, na Nadia pia hataki kuliruka. Amekupa mpaka mwisho wa Agosti. Baada ya hapo atamjibu yule mtu wa Kobero, na huyo ameshaahidi pombe ya kutosha kilima kizima.

Mimi pombe sibebi wala sinunui, hilo unalijua. Nenda kawaulize watu wa benchi lako utafanyaje.

Mama mkweo,
Salama


Gitega, 30 Agosti 1999

Mama, asalaam aleikum. Shikamoo.

Natumaini mko wazima wote watatu. Mi ni mzima, nina jeraha kidogo begani, si la kushughulika nalo.

Nilikwenda Gasorwe. Sikufaulu. Nakueleza yote ili usiyasikie kwa Saidi.

Kundi lilikaa na neno lako Jumamosi nzima. Wengine walisema nisiende, wengine waliniambia nimtume mtu. Domitila akasema niende mwenyewe, lakini nisiende peke yangu na pombe, akampanga Bahati anisindikize. Pombe aliichukua kwa dada yake anayepika kule Gishubi, bidoni nzima, dumu la kuwatosha wazee. Kwenye kamio tulipeana zamu. Bahati akilegea, naishika mi. Nikilegea mi, anaishika yeye. Tulifika mfuniko haujaguswa, na mi nilijivuna, nakiri.

Tulikuwa tumepanga kila kitu, hata namna nitakavyokaa, na nini nitajibu wazee wakinikaribisha kunywa nao. Tukasahau jambo ambalo hapa Burundi mtoto analijua kabla hajajua kufunga kamba ya kiatu: mwenye kuleta pombe huonja kwanza, watu waone haina sumu. Domitila mwenyewe, aliyeuza maisha yake yote, halikumjia. Tumekaa mno na watu wasioonja.

Wazee walikuwa wamejaa uani. Nilikaa chini, nikasema kosa langu lote, la Idi na la kabla yake, sikupunguza. Mzee Barutwanayo alisikiliza vizuri. Mwishoni akaitikia kwa kichwa, nikaona uso wake umelainika. Akachovya mrija kwenye bidoni, akanipa. Onja, mwanangu, tunywe.

Nikasema siwezi. Akasema basi mwenzako aonje. Bahati naye akasema hawezi.

Nikaeleza. Nikasema nikionja funda moja, naimaliza hii, halafu natafuta nyingine, ndio ugonjwa wangu, ndio uliomleta Nadia kwenu. Hawakusikia tena. Mzee alisema pole pole: "Watu wawili wametoka Gitega na pombe, na wote wawili wanaogopa kuionja." Mama, kwa miaka hii, neno kama hilo linatosha kuua mtu. Vijana wakainuka. Mi nilipata fimbo ya bega, Bahati akapoteza kofia na kiatu kimoja. Mzee mwenyewe ndiye aliyewazuia, la sivyo nisingekuandikia. Akasema bidoni ataipeleka komini, kwa wakubwa wa serikali, kama ushahidi, na mtu wa Kobero atajibiwa.

Sikupita kwako kwa sababu ulinikataza mlango kabla Mzee hajasema. Na amesema.

Mrija ulikuwa mkononi mwangu, Mama. Funda moja tu, ningeondoka na mke wangu na mtoto wangu. Nimelifikiria njia nzima, na nikifunga macho bado naliona. Sijui kama nilifanya vizuri au nilifanya ujinga. Naogopa. Bahati iko hapa na mi barazani tangu turudi, baiskeli za watu anazitengenezea hapa hapa, hataki nikae peke yangu. Sijanywa. Leo sijanywa, kesho siijui.

Mwambie Nadia sikumdharau Mzee wake. Na kama amejibiwa yule mtu, usiniandikie. Nitaelewa kwa kutoona barua.

Mwanao, kama bado waweza kuniita hivyo,
Shafii


Muyinga, 10 Septemba 1999

Mwanangu Shafii,

Waaleikum salaam. Marahaba, na marahaba tena. Mimi mzima, miguu tu inanilaumu. Fatouma mzima. Mzee Barutwanayo anakusalimu, nitafika hapo.

Barua yako sikumsomea Nadia. Aliichukua mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe, amesimama, ungo uko chini. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaenda kuoga, akafunga kitenge chake kizuri, akasema Mama, twende Gasorwe. Nikamuuliza kufanya nini. Akasema wewe twende tu.

Tulilikuta dumu lako nyuma ya nyumba, limefungwa kitambaa cheusi mdomoni, limezungushiwa miiba ili hata mbuzi asilisogelee. Siku ya kupelekwa komini ilikuwa bado. Nadia akamsalimu baba yake mkubwa kwa magoti, akaomba dumu liletwe uani na wazee waitwe. Nilidhani anataka kulimwaga mbele yao. Walipokaa, akaomba mrija.

Hapo nilielewa, nikamshika mkono. Shafii, mimi hiyo kitu sijawahi hata kuifuta mezani. Huyu mtoto nilimfundisha sala kabla hajajua kuhesabu. Akaniambia, "Mama, niachie," kwa sauti ya chini, bila ukorofi. Nikamwachia. Akainama, akavuta, akameza. Si kwa kugusisha midomo. Alimeza funda zima, uso ukajikunja wote, akampa Mzee mrija.

Mzee hakuupokea. Akamwambia kaa hapo. Wakamkalisha mkekani katikati ya ua, wakamtazama kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mimi nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, kana kwamba kweli mna sumu ndani. Kivuli cha nyumba kikahama. Nadia akaomba karanga, atoe ile ladha mdomoni. Akala karanga. Hakuna kilichotokea.

Ndipo akasema. Nakuandikia kama alivyosema, maana mimi sitaweza tena. "Baba mkubwa, mume wangu amedanganya miaka yote ili anywe. Amedanganya kwamba anaumwa, amedanganya wateja, amezika hata watu ambao hawajafa. Hapa kwako alihitaji uongo mdogo tu, funda moja, na angeondoka na mimi. Mara hii amesema kweli, na amepigwa kwa ajili yake. Mimi mtu huyo ndiye niliyekuwa namngoja."

Wazee wakakohoa. Mzee Barutwanayo akasema: "Anayemwonjea mtu pombe yake ni wa nyumba ya mtu huyo. Binti ameshajibu. Mimi sina neno juu yake." Akaupokea mrija. Akasema imechacha, na akainywa hivyohivyo. Mtu wa Kobero ametumiwa salamu zake. Kofia na kiatu cha Bahati vimepatikana, vinakuja.

Nadia ana toba yake kwa Mola wake, na mimi nina yangu kwa kumwachia mkono. Imamu wenu akiwa na swali, aje Muyinga aniulize mimi.

Sina ahadi kwamba utapona moja kwa moja. Nesi yule nimemrudia, safari hii sikumsingizia jirani, nikasema ni mkwe wangu. Ameniambia wengine hurudia. Ukirudia, usitoroke, usitunge. Nenda kwenye benchi, sema, na mwambie Nadia kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Hilo ndilo analolitaka. Hakuniambia lingine.

Nimemaliza. Barua hii Amissi hakupewa. Yeye ameendesha tu. Ilikuwa kwenye mkoba wa Nadia, na nilimwambia akupe uisome kabla hajasema kitu, maana nakujua, utaanza kuomba radhi pale pale barazani kwa Taki, mtakesha. Safari ni ndefu, vizuizi vya askari ni vingi, na lori lile linatikisa mpaka meno. Atakuwa amechoka. Amesimama mbele yako sasa hivi, na Fatouma amelala begani kwake, mzito.

Acha kusoma. Mpokee mtoto.

Mama yako,
Salama